Bustani ya Nyumbani Mwanzo wa Masika

Katika nchi za Ulaya mwenye bustani hungoja joto. Miezi ya baridi kali ardhi huganda, na mbegu itiwayo humo hulala tu au huoza. Hata ufikapo mwezi wa Machi au Aprili, jua linapopata nguvu, ndipo watu hutoka na majembe yao, na majira hayo ya kuchipua huwa kama sikukuu kwao. Katika milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, mambo ni mengine. Jua lipo mwaka mzima, wala ardhi haigandi. Kinachongojewa ni maji. Mbegu yataka vitu vitatu ili iamke, yaani maji, hewa, na joto la kiasi. Mkulima wa Ulaya akosa joto, na mkulima wa Usambara akosa maji, na kila mmoja huanza kazi siku kile kilichopungua kinaporudi. Ndiyo maana bustani zote mbili huanzwa karibu miezi ile ile, ingawa sababu zake ni mbalimbali.

Mwezi wa Februari hewa ya Usambara huwa nzito. Vumbi hutanda njiani, majani ya migomba hukunjamana adhuhuri, na visima hupungua. Upepo wa kaskazi, uliovuma tangu Desemba, hulegea. Wa kusi haujashika zamu yake bado. Kati ya pepo hizo mbili ndipo zijapo mvua kubwa za Machi, Aprili na Mei, ambazo watu huziita masika. Mvua ya kwanza ikinyesha, jioni yake kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Watoto huwasha taa, huweka beseni la maji chini yake, na kumbikumbi huangukia humo; kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Watoto wengi huhesabu masika kwa kumbikumbi kuliko kwa kalenda, wala hawakosei sana, kwa kuwa mdudu huyo hatoki mpaka maji yamelainisha udongo juu ya shimo lake.

Walakini kumbikumbi ni ishara tu, wala si ruhusa ya kupanda. Mtu mwenye busara huchimba kishimo kwa mkono, kina chake kama urefu wa kiganja, atazame unyevu umefika wapi. Ikiwa juu ni tope na chini ni vumbi, hungoja. Mbegu ikinywa maji kidogo huamka, na ikiisha kuamka haiwezi kulala tena. Jua la siku nne likija, hufa. Wengi hupoteza mbegu zao zote kwa mvua moja iliyowadanganya.

Katika mlima huo palikuwa na nyumba moja yenye watu watano: mama, bibi mzaa mama, binti aliyesoma darasa la sita, na wadogo zake wawili. Mwanzo wa Aprili mwaka mmoja mama alipima mahindi yaliyobaki ghalani, akaona ni debe sita. Nyumba ile ilizoea kula debe moja kwa juma. Mahindi mapya yalikuwa yamepandwa katikati ya Machi, na katika milima yenye baridi mahindi hukawia. Ya kuchoma yasingalipatikana kabla ya katikati ya Julai. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, tena mbaya: chakula kingekwisha katikati ya Mei, na miezi miwili mizima ingebaki bila unga. Mama hakuwa na fedha za kununua magunia, wala hakutaka kukopa kwa mwenye duka, kwa maana aliyekopa wakati wa njaa hulipa wakati wa mavuno, bei ikiwa imeanguka.

Lakini nyuma ya nyumba palikuwa na bustani, hatua kumi na tano kwa hatua ishirini, na bondeni kando ya kijito palikuwa na magimbi ya mwaka uliopita, ambayo hayakuchimbwa. Gimbi ni chakula chenye adabu: hukaa ardhini lingoje mwenyewe. Mama akakata shauri kwamba mahindi yatatumiwa nusu debe kwa juma, na nusu iliyopungua itajazwa kwa magimbi, ndizi za kupika na mboga. Kwa njia hiyo debe sita zingefika karibu na mwisho wa Juni. Baada ya hapo palibaki majuma matatu, na hayo aliyawekea maharagwe. Maharagwe yakipandwa wakati mzuri huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Basi nyumba yote ilitegemea kwamba maharagwe yaote.

Maharagwe yenyewe yalikuwa ya namna mbili. Mengine yalikuwa katika gunia pembeni mwa chumba. Mengine, machache, yalikuwa katika kibuyu ambacho bibi alikiangika juu ya meko, yamechanganywa na majivu. Mama alikusudia kupanda ya gunia, kwa kuwa ni mengi, na kupika ya kibuyu. Binti alikuwa amejifunza shuleni namna ya kujaribu mbegu. Akamwendea bibi yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Bibi, naomba maharagwe ishirini ya kibuyu chako.”

“Ishirini tu? Hata paka hashibi.”

“Si ya kula, bibi. Nataka kuyauliza kama yu hai.”

Bibi akacheka, akampa. Binti akahesabu maharagwe ishirini ya kibuyu na ishirini ya gunia bila kuchagua, kwa kuwa mtu akichagua mazuri tu hujidanganya mwenyewe. Akatwaa vitambaa viwili, akavilowesha na kuvikamua ili vibaki na unyevu bila kutiririka. Akapanga mbegu, akakunja, akafunga kila kitambaa katika jani la mgomba, akaviweka karibu na meko mahali penye joto la kadiri. Kila asubuhi alivinyunyizia maji kidogo. Siku ya saba alivifungua mbele ya mama yake. Ya kibuyu yalikuwa yameota kumi na saba. Ya gunia yalikuwa yameota tisa. Mengine yalikuwa yamelainika na kunuka, na ndani ya machache walionekana fukusi.

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Tutapanda ya bibi. Haya mengine tutayachagua, tuyapike.”

Si vigumu kueleza kwa nini kibuyu kilishinda. Moshi wa meko hukausha mbegu na kuwafukuza wadudu, na majivu huziba nafasi kati ya mbegu na mbegu, hata fukusi asipate njia ya kwenda huko na huko. Wazee walifanya hivyo zamani sana kabla ya dawa za dukani. Jaribio la kitambaa ndilo lililoongeza jambo jipya, nalo ni kujua kabla ya kupanda, wala si baada ya kupanda.

Kazi ya pili ni mbolea. Samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi haifai kutiwa penye miche, kwa maana huunguza mizizi yake michanga. Yapasa ioze kwanza. Nyumba ile ilikuwa na lundo lililoanzwa mwezi wa Desemba: tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi na maganda ya ndizi, na udongo kidogo juu. Katikati ya lundo palichomekwa fimbo ndefu. Mtu akiichomoa na kuishika, hujua hali ya ndani: ikiwa na joto na unyevu, kazi yaendelea, ikiwa baridi na kavu, lundo lataka maji, ikiwa baridi nayo samadi imekwisha kuwa nyeusi na kupukutika kama udongo wa msituni, mbolea imeiva. Wadogo wa binti walipenda kazi hiyo kuliko zote, wakaichomoa fimbo mara tano kwa siku, hata shimo lake likapanuka.

Bustani za Usambara ziko mtelemkoni, na mvua ya masika hutelemka na udongo. Kwa hiyo kila tuta hulazwa kuukingama mlima, wala halielekezwi chini, na ukingoni hupandwa majani ya ng'ombe au matete ili mizizi ishike ardhi. Jambo hilo lina historia yake. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango mkubwa katika bonde la Mlalo, ikawalazimisha watu kupiga matuta katika mashamba yao. Watu waliona kazi ni nyingi na faida haionekani, wakaupinga, na mpango ukavunjika kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Hata hivyo matuta yenyewe hayakuwa na kosa. Katika bustani ndogo ya nyumbani, mtu apigapo matuta manne kwa hiari yake, asubuhi baada ya mvua huona maji safi yamesimama nyuma ya kila tuta na udongo wake uko pale pale. Kwa jirani asiye na matuta, kijito chekundu chapita uani.

Mboga zenye mbegu ndogo huanzia kitaluni. Upana wa kitalu usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Udongo huchekechwa kwa vidole mpaka pasiwe na bonge. Mbegu za mchicha ni ndogo kama chembe za baruti. Mtu akizimwaga hivi hivi, huota kama nywele mahali pamoja na kuacha upara mahali pengine. Dawa yake ni kuzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia. Kina cha mbegu kisizidi mara tatu ya unene wake: haragwe huzikwa, lakini mchicha hufunikwa tu kama mtu atiaye chumvi katika mchuzi. Juu ya kitalu cha kabeji na nyanya huwekwa kichanja cha nyasi ili matone makubwa yasiipige miche, na kichanja hicho hupunguzwa kidogo kidogo miche izoee jua. Baada ya majuma manne hadi sita miche huhamishwa, tena jioni, ili ipate usiku mzima wa kupumzika.

Mbegu za mchicha na maboga watu huzihifadhi wenyewe. Za kabeji hununuliwa. Sababu yake ni ya ajabu kidogo: kabeji ni mmea wa nchi za baridi, nao hautoi maua mpaka upite majira marefu ya baridi kali. Usambara hufunga vizuri na kuuzwa mpaka Dar es Salaam, lakini kwa kawaida haioni baridi ya kutosha kuiambia kwamba wakati wa maua umefika.

Binti alipewa miche hamsini ya kabeji iwe mali yake ya kutunza. Mapato yake yalikuwa ya kununulia madaftari. Akaihamisha jioni, akaimwagilia kwa kopo la bati lililotobolewa matundu madogo. Asubuhi ya tatu akakuta miche kumi na mmoja imelala chini, imekatwa shinani kama kwa kisu, wala majani yake hayakuliwa. Akadhani ni mbuzi, kisha akadhani ni mdogo wake, akamkaripia bure. Bibi akaja, akainama, akafukua udongo kwa kidole karibu na mche mmoja uliokatwa. Akatoa kiwavi mnene wa rangi ya kijivu, ambaye mara alijikunja kama pete.

“Huyu ni sota,” akasema. “Usiku hula, mchana hulala. Umtafute asubuhi na mapema, hajaenda mbali.”

Sota ni mtoto wa nondo. Nondo hutaga mayai yake penye magugu, na viwavi wakiisha kukua hujificha ardhini mchana. Hukata mche mmoja, hula kidogo, kisha hukata mwingine; hasara yake ni kubwa kuliko njaa yake. Binti akafukua penye kila mche uliokatwa, akapata sota saba, akawapa kuku. Bibi akazungushia miche majivu, na kwa siku mbili yalisaidia, lakini mvua ilipokuja ikayaosha yote, na miche mitatu ikakatwa tena. Ndipo binti akabandua maganda makavu ya mgomba, akayakata vipande vya urefu wa kidole, akauvika kila mche pete yake, nusu ikiwa ardhini na nusu juu. Tangu hapo haukukatwa hata mmoja. Ilibaki thelathini na sita. Mama akampa mingine kumi kutoka kitaluni, naye akamwomba radhi mdogo wake kwa kumpa kumbikumbi wake wote wa jioni ile.

Bustani ina walinzi wasiolipwa. Chura hutoka usiku na kula wadudu wengi. Kinyonga naye hula nzi na panzi, lakini kwa bahati mbaya watu wengi humwogopa kama nyoka na kumpiga mawe. Kinyonga hana sumu. Mtoto atakayekaa kimya saa moja karibu na mmaboga apate kumwona akirusha ulimi wake hatamtupia jiwe tena, na saa ile si ya kupotea.

Majuma manne baada ya kusia, mchicha ulikuwa na urefu wa shibiri. Mavuno ya kwanza ya mchicha si mavuno hasa, bali ni kupunguza: iliyosongamana hung'olewa ili iliyobaki ipate nafasi, na ile iliyong'olewa ndiyo tamu kuliko yote. Jioni ile mama alipika ugali mdogo na magimbi, na mchicha ule mchanga pamoja na nyanya moja na kitunguu. Ugali ulikuwa nusu ya kawaida. Wadogo hawakuuliza, kwa sababu sufuria ya mboga ilikuwa imejaa. Baadaye yakafuata majani ya maboga, na mnavu uliojiotea wenyewe kando ya lundo la mbolea, na siku za soko mama aliuza mafungu ya mchicha na miche ya kabeji iliyozidi, akanunua chumvi, mafuta ya taa, na mara mbili kibaba cha unga.

Penye kivuli cha ukuta, chini ya mchirizi wa bati, bibi alikuwa na maua yake. Hayakuliwa, wala hayakuuzwa. Yalikuwa na majani manene yenye manyoya laini na maua madogo ya rangi ya urujuani. Ua hilo ni la asili ya Usambara na milima mingine ya karibu. Hukaa msituni penye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye mwaka 1890 alikuwa ametoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili, aliliona na kulipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo lipo madirishani katika nyumba nyingi mno za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji huko hawajapata kusikia jina la Usambara. Lakini msituni kwake baadhi ya aina zake zimekuwa haba, kwa sababu miti iliyolitia kivuli imekatwa. Kwa hiyo bibi hakumruhusu mtu kwenda kung'oa mengine. Jirani akitaka ua, alimkatia jani moja na kikonyo chake, akamwambia alichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini, asubiri. Baada ya majuma kadhaa miche midogo hutokea chini ya jani lile. Wadogo wa binti walilifukua jani lao kila siku kutazama kama limeota, na bila shaka halikuota. La pili walikatazwa kuligusa, likaota.

Mwisho wa Juni baridi ya kipupwe ilikuwa imeingia, na ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu. Ghalani mlibaki mahindi ya chini ya debe, pishi mbili hivi. Siku hiyo maharagwe yaling'olewa, yakaanikwa juu ya mkeka penye jua chache, yakapigwa kwa fimbo. Kabla ya kuyapima mama alichota yaliyo mazuri, akakijaza kibuyu cha bibi, akachanganya majivu, akakiangika juu ya meko. Kisha akapima yaliyobaki, yakawa debe mbili na nusu. Jioni hiyo yalipikwa ya kwanza, na siku kumi na saba baadaye watoto walichoma mahindi.

Maswali. Mama alitaka mimea 765 ya maharagwe. Angalipanda mbegu ngapi za kibuyu, na ngapi za gunia, ikiwa ziliota kama katika jaribio? Kwa nini binti hakuchagua mbegu alipozijaribu? Eleza kwa nini majivu yalifaa ndani ya kibuyu lakini hayakufaa penye kabeji. Leteni shuleni mbegu ishirini kutoka nyumbani kwenu, mzijaribu.